Kuhusu Picha ya Mama Niliyoagizwa Kuiosha Robo Saa

Mpepai, Mbinga
Agosti 1995

Ndugu Ignatio, Mpiga Picha, Liuli,

Natumaini wewe na jamaa zako huko ziwani hamjambo. Sisi huku ni wazima na kahawa inachumwa, ila moyo wangu haujatulia kwa sababu yako.

Ulipokuja gulioni kwetu na zile picha za buluu unazochapa kwa jua, ulinikabidhi ya marehemu mama yangu, Notburga, ikiwa haijaoshwa, kwa kuwa gulioni hakuna maji. Ukaniambia, "Ioshe robo saa, maji ya njano yakiisha ianike. Usiisugue." Malalamiko yangu ni haya:

1. Shule tunachangia, dawa tunachangia. Sikujua kwamba soko huria limefika hadi mteja kujioshea picha. Hata hivyo nilikubali.

2. Robo saa ni dharau. Mimi ni mkulima wa kahawa. Huku kitu cha maana hulazwa majini usiku kucha, asubuhi kikasuguliwa mpaka utelezi uishe na kikwaruze mkononi. Je, mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni palizi hadi palizi, anastahili maji machache kuliko debe la kahawa?

3. Nilipoilaza majini jioni, picha yako ilielea. Kwetu kahawa inayoelea ni daraja la chini, hutupwa. Kwa heshima ya marehemu sikuitupa. Niliikandamiza kwa jiwe.

4. Asubuhi nilisugua kwa bidii. Ikatoka shali, ikatoka shingo, mwisho ukatoka uso. Mke wangu Restituta alinisihi niache, nikamjibu kwamba uchafu bado. Sasa ninayo karatasi safi kuliko zote tarafani, na mama hayumo. Sina picha yake nyingine, na negativu ulishasema iliharibika. Inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba ukiri kwa maandishi kwamba rangi yako haikukomaa, na usichape tena mpaka Bwana Shamba akukague.

Wasalimie wote nyumbani, pamoja na yule mama muuza samaki anayetuletea dagaa wa usipa kutoka ziwani.

Ndimi mteja wako mwenye uchungu lakini asiye na kinyongo,
Tadei

Nakala: Bwana Shamba wa Kata

Baada ya kusaini: Dada yangu Otilia, uliyempa picha kama hiyo siku ileile, aliiosha robo saa bila kuisugua. Mama yupo ukutani kwake, anatutazama vizuri kabisa. Kila jioni naenda kukaa pale. Tafadhali usimwonyeshe Otilia barua hii. Anadhani nakuja kumsalimia yeye.