Jumamosi ya Kumi na Mbili, na Kikohozi cha Mong'ina

Tegeni masikio, enyi wa Nyamira na Kisii, mlio kwenye majani chai na mlio nyuma ya kaunta, niwasimulie vita alivyopigana Mong'ina binti Machogu, shujaa wa Sironga, mlinzi wa migomba, mrusha mawe asiyekosa shabaha.

Katika zama hizi zetu aliinuka Nyanchera, mwanafunzi wa chuo kikuu, mchunguzi wa tumbili na wa chimbuko la akili ya binadamu. Aliona kwamba Jumamosi, Mong'ina na Wasabato wenzake wakiwa kanisani, tumbili huingia kwake wakitembea, wala hawakimbii. Je, wanaijua Sabato? Ili kujibu, zilitakiwa Jumamosi kumi na mbili zisizo na mtu nyumbani. Alikuwa nazo kumi na moja, na chuo kilikuwa kinafunga mlango wa kupokea kazi wiki ile. Ikiharibika hii ya kumi na mbili, mwaka wake mzima umekwenda.

Asubuhi hiyo akamkuta Mong'ina kitandani, amebanwa na kifua.

"Magokoro," akamwambia bibi huyo, "wakikusikia hawatashuka. Nakuomba ulale kama hauko."

Shujaa akajiinua kwa kiwiko. "Mjukuu wangu, hao wezi nimewafukuza miaka arobaini. Leo unataka wakule ndizi yangu na mimi nikohoe kwa ndani? Haya. Enda ukae huko kwa majani chai na darubini yako. Mimi siko."

Saa nne jeshi likashuka, mikia kumi na saba. Jemadari wao akakata ndizi kwenye mkungu uliotunzwa kwa ajili ya wageni, akaketi dirishani, akampa Mong'ina mgongo, akamenya.

Hapo kikohozi kikapanda na majeshi yake yote hadi kwenye lango la koo. Mong'ina akakizuia kwa blanketi. Kikarudi, akauma leso. Mkono wa kulia ukanyemelea ndala, wa kushoto ukaudaka, na mikono miwili ya mama mmoja ikapigana dakika ishirini, machozi yakimtoka. Alikuwa na hasira, nisifiche, hasira ya mtu anayeibiwa huku anatazama.

Wakashiba, wakaenda zao. Ndipo akakohoa, na Sironga yote ikapata habari zake.

Nyanchera akaja mbio, akampigia magoti, akamfungulia daftari la kumbukumbu za dahari. Shujaa akavaa miwani, akalitafuta jina lake. Palikuwa pameandikwa: Tumbili, kumi na saba. Watu nyumbani, hakuna.

Akasoma mara mbili, kisha akaweka kidole juu ya neno la mwisho.

"Huyu hapa," akasema kwa fahari, "ni mimi."