Mimi na Qali Tunashuka Tana kwa Boti

Jumamosi, Novemba 1, 2025. Garissa.

Wazo! Kubwa kuliko yote niliyopata tangu nistaafu ualimu!

Lilianza jana wakati wa chai. Qali alikuwa anatazama simu. Binamu yake Idman, anayeishi Uholanzi, katuma video nyingine. Yeye na mumewe wamo ndani ya boti, boti inatambaa kwenye mfereji. Nyumba zinapita. Madaraja yanainuka yenyewe. Bata pembeni. Mume kashika usukani kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono wa pili. Wiki mbili nzima, mfereji hadi mto, mto hadi mfereji, hawana haraka na mtu.

Qali kaitazama mara tatu. Kisha akaniambia Idman amemwalika akakae kwake miezi mitatu, na fomu za viza ameshaanza kuzijaza.

Miezi mitatu! Nikamuuliza Uholanzi kuna nini ambacho Garissa hakuna.

"Kuna mtu wa kunitembeza, Baba Warsan," alinijibu. Macho hakuinua.

Nimelala nikihesabu matembezi niliyompeleka katika miaka ishirini na minane ya ndoa. Nimepata moja. Tulikwenda Nairobi kung'oa jino. Jino lilikuwa langu.

Lakini je, sisi hatuna mto? Tana ni nini? Mpana, mrefu, hauna foleni! Tutashuka kutoka Balambala, alikozaliwa Qali, mpaka daraja la Garissa. Mimi na yeye tu, polepole, chai mkononi. Tukifika hapa atakuwa amesahau kama kuna nchi inaitwa Uholanzi.

Jumatatu, Novemba 3

Boti tayari! Abdirahim, fundi wa kuchomelea, kaimaliza kwa siku mbili. Madramu manane ya plastiki, mbao juu yake, turubai la kivuli na viti viwili. Nyuma nimefunga pampu ya kunyunyizia mashamba, iwe injini. Abdirahim aliuliza boti itakata kona vipi. Nikamweleza kwamba mto ndio unaokata kona, sisi tunaufuata tu. Alivua miwani yake ya kuchomelea, akanitazama upya. Kavutiwa, nadhani.

Shida ni moja, shemeji Deeq. Ni mdogo wake Qali, na ndiye mwenye lori la kutufikisha Balambala na boti yetu. Alipoiona alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Akasema kwa lori kurudi Garissa ni asubuhi moja. Akasema atatufuata kwa barabara, akiwa na kamba, ili dada yake asije akaliwa na mamba. Nikamwambia kamba yake abaki nayo.

Msikitini, baada ya Alasiri, nimewatangazia wazee wote. Ijumaa, baada ya swala, waje darajani watuone tukiingia. Wote wameahidi. Sasa hakuna kurudi nyuma.

Qali nimemweleza mpango wote, kwa mchoro. Aliuliza swali moja tu, kama kivuli kitatosha. Kisha akaingia jikoni kukaanga nyirinyiri, nyama kavu ya safari. Namjua mke wangu. Ile ni furaha.

Jumanne, Novemba 4. Mtoni.

Tumeondoka! Nusu ya Balambala walikuja ukingoni. Nilitoa hotuba fupi, dakika ishirini hivi, nikasema Bismillahi, nikawasha injini.

Kumbe pampu ni pampu. Ilivuta maji na kuyarusha kwa nguvu za ajabu. Wa kwanza kulowa alikuwa chifu. Boti ikazunguka mara nne pale pale, kama mbwa anayetafuta pa kulala. Deeq alikuwa anapiga picha.

Mzee mmoja, Alio, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu, alinishauri kwa upole nizime mashine na kuuachia mto ufanye kazi. Kisha akatoa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Nikanyoosha mkono. Akampa Qali!

Na Qali anaujua! Alisimama nyuma, akakita upondo kwenye mchanga, akasukuma, na boti ikaenda mbele imenyooka kama rula. Eti alipokuwa msichana alivuka mto kila siku kwenda shambani kwa baba yake. Miaka ishirini na minane sijui! Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema sikuwahi kumuuliza.

Baada ya hapo, raha tupu. Migomba pande zote. Ngamia mia wakinywa maji kwa foleni. Nyani wakatutazama kama wageni wa serikali. Watoto walikimbia ukingoni wakipiga kelele, nami nikawapungia kwa mkono wenye kikombe, kama yule mume wa Idman. Qali alicheka. Kicheko kile sijakisikia tangu mtoto wetu Warsan azaliwe.

Nikasimama ili nimchukue video. Kiboko naye akasimama. Sijui tulitishana vipi, lakini kiti changu kimekwenda na maji. Cha Qali kipo.

Tulipotia nanga jioni, Deeq alikuwa pale amefika zamani, kajinyoosha kwenye mkeka, mbuzi yuko kwenye makaa. Akauliza kama Uholanzi watu huwa wanachelewa hivi. Nyama sikula. Nilikula kidogo.

Jumatano, Novemba 5

Tumekwama. Mto uligawanyika mikondo miwili, Qali akasema kulia, nikasema kushoto. Kushoto kulikuwa na mandhari nzuri. Na mchanga.

Saa sita nzima juu ya mchanga! Nikapata wazo, turubai liwe tanga! Nikalifunga kwenye nguzo mbili. Upepo ukaja kweli, nikapiga kelele za furaha, na turubai likaruka lote, likavuka mto. Sasa liko kaunti ya Tana River. Kivuli hatuna.

Kuanzia Adhuhuri mpaka Alasiri Qali alikaa juani, shungi kaivuta usoni. Kisha akasema, "Ungenisikiliza mara moja tu, saa hii tungekuwa tunakunywa chai."

Magharibi ilipokaribia, boti ikacheza. Ikainuka! Tunaelea! Nikamtangazia Qali kwamba huo ndio uliokuwa mpango wangu, kusubiri. Hakucheka. Alikuwa anatazama maji. Yamekuwa mekundu na yanabeba matawi. Alisema mvua imenyesha bara na mto unapanda. Tukasogea ukingoni haraka.

Alhamisi, Novemba 6

Leo naandika kwa mpangilio, nisije nikasahau kitu.

Asubuhi mto ulikuwa mwingine kabisa. Tulikuwa tunateremka kwa kubana ukingo tuliposikia mtu anaita. Katikati ya mto palikuwa na kipande cha shamba kimezungukwa na maji, hakizidi ukubwa wa darasa. Juu yake mwanamke, mama yake mkongwe na mbuzi watano. Mwanamke jina lake Maka. Walilala pale kulinda mahindi, wakaamka kisiwani. Ukingoni Deeq alikuwa ameshafika, anakimbia huku na huku na kamba yake. Kamba ndefu, boti hana.

Qali hakuniuliza. Alisema tupa mizigo. Nikatupa masanduku. Akasema na mashine. Nikamkumbusha ni injini mpya. Akanitazama. Nikaitupa.

Deeq akafunga kamba kwenye lori, ncha ya pili kwenye boti yetu. Nililazimika kukiri moyoni kwamba ni kamba nzuri. Qali akaipandisha boti juu kwa kufuata ukingo, kisha akaielekeza ikavuka kwa mshazari, maji yakitusukuma, upondo ukipinda kama utavunjika. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo na kusoma kila dua ninayoijua, nyingine mara mbili. Nikaona mamba, nikapiga yowe. Lilikuwa gogo.

Safari ya kwanza tulimchukua mama mkongwe. Alikaa kwenye kile kiti kimoja, mtulivu kuliko mimi, ananiuliza mimi ni wa ukoo gani. Ya pili Maka na mbuzi wawili. Ya tatu mbuzi watatu, na kazi yangu ilikuwa kuwalalia wasiruke. Tulipogusa ukingo, shamba halikuonekana tena. Maji tu.

Deeq alimbusu dada yake kichwani, akalia waziwazi. Hakuna aliyenicheka. Hilo lilinitisha zaidi.

Viganja vya Qali vimechubuka vyote. Nilivifunga kwa kitambaa cha kilemba changu.

"Uliogopa?" akaniuliza.

"Sana, wallahi."

"Hata mimi." Akakaza fundo la kitambaa. "Lakini ni matembezi mazuri, Baba Warsan."

Ijumaa, Novemba 7. Garissa!

Maji yamepungua kiasi, Qali akakubali tumalizie. Deeq kakataa kabisa kuondoka, kafuata ukingo mwendo wa konokono.

Daraja! Wazee wote juu, kofia nyeupe kwa safu, waliahidi na wamekuja! Nilisimama mbele. Nikaanza hotuba. Nilipofika kwenye salamu nilihisi kivuli cha daraja kikinipita, na niliposema "ndugu zangu" ndugu walikuwa nyuma yetu, wakizidi kuwa wadogo. Qali alikuwa ananiita nikamate kamba aliyoturushia Deeq. Nilidhani ananipongeza.

Tuliingia shamba la matikiti la mtu, mbali kule chini. Wazee walifika wanahema. Mmoja akauliza nahodha ni nani. Nikajionyesha kwa kidole. Wengine wote, na Deeq, na hata mwenye matikiti, walimwonyesha Qali. Habari za Maka zilikuwa zimefika kabla yetu.

Nyumbani nikamuuliza kuhusu Uholanzi, kwa sauti ya kawaida. Alisema atakwenda. Nikaomba chai nyingine. Kisha akanipa fomu. Zilikuwa mbili, moja yake na moja yangu! Jana alimpigia Idman, na boti yao ina nafasi ya watu wanne. Sharti lake moja, nisiguse usukani, kamba wala injini. Nimeapa.

Jumatatu, Novemba 10

Nimepumzika vya kutosha. Leo nilikwenda ukingoni kuiaga boti. Ukweli ni kwamba imefanya kazi nzuri, na bila mpango wangu Maka angekuwa wapi? Nilipomuuliza Deeq hilo, alikwenda kuosha lori.

Pale karibu pikapu moja ilikuwa imezama kwenye matope. Wanaume kumi walisukuma wakashindwa. Akaja mchungaji na ngamia mmoja, akamfunga kamba, akamwambia neno sikioni. Pikapu ikatoka kama jino bovu!

Nimekaa chini. Nimefikiri. Kushuka mto kila mtu anaweza. Lakini nani amewahi kuupanda? Ngamia wanne ukingoni, kamba ndefu, boti majini, abiria kumi na wawili wakinywa chai mpaka Balambala! Abdirahim anaongeza madramu kesho. Wazee nimewatangazia baada ya Alasiri, tunaondoka Ijumaa. Nahodha, nimewaambia, ni Qali.

Qali bado sijamwambia. Atafurahi mno.