Pomboo Wanaoniharibia Ugomvi Wangu

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Bahari,

Pole na kazi. Mimi ni fundi wa injini za boti, karakana ya nyuma ya bandari, upande wa kushoto. Upande wa kulia ni wa mdogo wangu. Tangu tumzike baba tumegawana kwa ukuta wa mbao na hatusemeshani. Tuliishi hivyo vizuri tu, mpaka pomboo wako walipotuingilia. Kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Zamani pomboo walikuwa na adabu zao. Kundi la ghubani na kundi la lango la bandari walipishana bila hata salamu. Nami niliwasifu mbele ya mke wangu, kwamba hao ndio wanyama wenye msimamo.

2. Ikaja mashine ya kuchimba mchanga wa baharini. Kelele kutwa kucha, samaki wakahama, pomboo wengi wakafa. Niliumia, sikatai. Ila nilitarajia waliobaki wagombee samaki waliosalia, kama watu wazima. Wapi! Wameungana. Wanawinda pamoja, na majike wa kundi hili wanalea mayatima wa kundi lile. Sasa hii ni tabia gani?

3. Mtafiti wako, yule dada wa darubini, hakuficha aibu hii. Alikuja kuieleza mlangoni kwangu, kwamba pomboo waliofiwa huwasogelea wenzao waliobaki. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Yeye kachukua darubini. Mke wangu alikuwepo, akasikia yote. Tangu hapo kila nikinyanyua kikombe cha chai naambiwa hata pomboo wamepatana.

4. Mama naye kasimuliwa habari za pomboo, kagoma kula mpaka sisi wanawe wawili tuketi meza moja. Amekonda, Mheshimiwa, nguo zinamvuka. Hili linanitoa machozi, na nakulaumu wewe.

Kwa hiyo naomba pomboo watenganishwe mara moja. Wakikaidi, ujengwe ukuta baharini. Mbao nitatoa mimi. Na mtafiti apewe kaa awachunguze, maana kaa hawajui undugu.

Wasalimie walinzi, wapishi, makarani na wote hapo kituoni. Hata huyo dada, msalimie.

Wako nisiyetetereka,
Fundi wa Kushoto

N.B. Mbao za ukuta wa baharini sikuwa nazo, ikabidi ning'oe zile za karakana. Ni nzito. Mdogo wangu akashika upande wa pili bila kuombwa, tukajikuta tunacheka kama wajinga. Tumeziunga zikawa meza. Mama amekula, akaomba aongezewe, kisha akatugombeza wote wawili kwa kipimo kimoja. Tafadhali usiwaguse pomboo, wamebaki wachache. Cha kutenganishwa na bahari ni ile mashine.