Taa Arobaini na Nane

Jumatano, 10 Februari 1999. Korogwe.
Leo ni leo! Daktari Josefina, mwenye maabara yetu ya mifugo, ametaka tuchague kibao cha kuungia nyaya. Kisanduku cha wafadhili kimekaa mezani tangu Krismasi. Ndani kina chipu isiyo na kazi maalumu; unaiandikia kazi unayotaka, nayo inatii. Tumeiandikia ilinde friji ya chanjo. Ila haina pa kushikia waya, ndiyo maana ya kibao. Habakuki, fundi mwenzangu, anataka cha skrubu. Sura mbaya! Hakina hata taa. Mimi nataka cha kuchomeka, chenye taa arobaini na nane za kijani. Habakuki kanikumbusha kwamba malori ya mkonge yakipita hapo nje, hata vikombe vinatembea mezani. Wivu tu.

Ijumaa, 12 Februari.
Utaratibu unadai nukuu tatu za bei. Nimepata moja. Mbili nimeziandika mwenyewe, ya mwisho kwa mkono wa kushoto. Ajabu, kibao changu kimeshinda kote! Daktari kasaini. Habakuki kaenda kunywa chai peke yake.

Jumatano, 24 Februari.
Kimefungwa. Zinawaka zote! Habakuki kaenda msibani Vugiri, kafiwa na shangazi. Kaniomba niwe napima friji yenyewe, nisitegemee taa. Nimemwahidi. Sijapima.

Jumamosi, 27 Februari.
Mzee Loserian kaja kutoka Handeni kuchukua chanjo ya chambavu, ule ugonjwa unaovimbisha mapaja ya ng'ombe na kuua, kabla ya mvua. Ana mitamba kumi na mmoja, ndiyo mali yake yote. Mwaka juzi alinipa ndama, na kwa desturi yao tangu hapo tunaitana Paashe. Aliishika chupa, akasema ina joto la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nikamwambia atazame taa. Alizitazama sana. Akasema kama Paashe ndiye asemaye, basi. Akaitia kwenye chupa yake ya chai yenye barafu, akaondoka. Nilijiona mtu mkubwa.

Jumatatu, 1 Machi.
Habakuki kafungua friji. Joto tupu! Waya wa mota umechomoka. Kumbe taa zinaonyesha amri ya chipu, hazijui kama friji imetii. Daktari kaamuru chanjo zote zimwagwe, akauliza kama kuna iliyotoka. Nikasema hakuna. Mungu wangu, nilisema hakuna. Nitakwenda Handeni mwenyewe, kimyakimya, chanjo mpya ikifika.

Jumanne, 16 Machi.
Mvua imeanza. Chanjo bado. Kutwa nzima nasikiliza bati.

Jumatano, 31 Machi. Handeni.
Nimechelewa. Mitamba tisa wamekufa, mapaja yamevimba. Nalangu, mke wa mzee, alikuwa anafagia zizi ambalo tayari ni safi. Nikasema ukweli wote, nikilia. Mzee hakugomba. Aliuliza kama nimekula. Kisha akaniita Bwana Twaha. Angenichapa fimbo ningemshukuru.

Ijumaa, 9 Aprili. Korogwe.
Nimeungama kwa Daktari. Hakunifukuza, ila hanitazami usoni. Habakuki amefunga kibao cha skrubu, kwa mkono wake. Lori linapita, waya hautikisiki. Nami nimekoma. Naandika hapa, nimekoma kabisa.

Lakini kimya cha kibao kile! Mtu ataaminije kitu kisichowaka? Nimelegeza skrubu moja tu, ya waya wa mota, nikachomeka hapo kitaa kidogo cha kijani. Kinawaka vizuri sana. Jumatatu anakuja Leboo, mdogo wake Loserian, kuchukua chanjo ya wale mitamba wawili waliobaki.