Bango Nyuma ya Mlango

Ijumaa, 2 Agosti
Bango limekamilika. HATARI, USIINGIE BWAWANI. Herufi nyekundu, na ile R yenye mkia mrefu ambayo hakuna fundi mwingine wa mabango anayeiweza. Bwana Afya anasema panya wa machinjio wanakojolea yale maji, anataka lisimikwe leo. Leo! Kesho familia inashindana kuogelea humo humo, na shemeji yangu, fundi baiskeli, kanishinda miaka mitatu mfululizo. Miezi miwili nimejizoeza kubana pumzi ndani ya pipa. Nimemwambia Bwana Afya rangi haijakauka. Ilikauka Jumatano. Bango liko nyuma ya mlango.

Jumamosi, 3 Agosti
Nimeshindwa. Nimemeza maji nusu ndoo. Shemeji katoka na mchubuko mguuni na kicheko. Mke wangu kampigia kaka yake makofi mpaka viganja vikamuuma. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini angepunguza.

Jumapili, 4 Agosti
Nimesimika bango. Bwana Afya kapita, kanisifu kwa kufanya kazi hata Jumapili. Nikatazama chini. Ardhi haikupasuka.

Jumatatu, 12 Agosti
Shemeji ana homa. Vigimbi vya miguu vinamuuma, hawezi kusimama. Kapimwa malaria, hana. Nakiri nilifurahi kidogo kwamba hatafanya mazoezi ya shindano la mwakani. Mtu mzima mimi!

Jumatano, 14 Agosti
Kalazwa. Macho ya njano, figo zinagoma. Daktari kauliza kama aliingia maji machafu. Mke wangu kajibu kwamba waliogelea bwawani, ila maji ni salama. Yangekuwa mabaya mume wake angejua, maana ndiye mchoraji wa Bwana Afya. Tangu siku ile hakuna aliyerudi kule kuliona bango. Wote wakanitazama kwa fahari. Nikauliza choo kiko wapi. Nimekaa humo nusu saa, naona aibu hata kujitazama kwenye kioo. Mimi niliyemeza nusu ndoo sina hata mafua. Shemeji anaweza kufa, sababu naijua, na bado nimenyamaza.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimepata mbinu. Barua isiyo na jina, kwa herufi kubwa, chini ya mlango wa daktari: HATARI, MAJI YALE YANA MKOJO WA PANYA. Nesi kaiokota kabla sijaondoka. Kaitazama barua. Katazama neno MAABARA mlango wa pili, nililolichora mwaka jana. Kisha kanitazama mimi. Mkia wa R ni ule ule.
Nimesema yote, mke wangu akisikia. Daktari hakufoka, heri angefoka. Kauliza tarehe tu, kasema huenda ni homa ya mgunda, ugonjwa adimu wa mkojo wa panya, kaagiza sindano. Kisha kanituma nyumba kwa nyumba, kwa wote tisa walioogelea, waje wapimwe. Mama mkwe kanisikiliza mpaka mwisho, kasema amesikia, kafunga mlango taratibu.

Jumamosi, 31 Agosti
Shemeji katoka hospitali. Kakonda, anatembelea fimbo. Kanisamehe mbele ya watu, nikalia kama mtoto. Sistahili. Nimeapa kwa mke wangu sitamficha kitu tena.
Daktari kaonya kwamba mgonjwa asikimbie wala kuogelea kwa wiki sita. Wiki sita! Nimemwalika shemeji tushindane mbio Jumamosi ijayo. Kakubali. Mke wangu nimemwambia siku hiyo nampeleka kaka yake kliniki.