Jinsi Kathini Alivyoliokoa Jina la Kifumbu

Tegeni masikio, enyi watu wa Ukunda na Gazi, na nyinyi wa Msambweni mnaodai kwamba mambo makubwa hutokea kwenu tu. Wekeni vikombe chini, niwasimulie jinsi Kathini binti Makau, simba jike wa kibodi, alivyopigana vita vya mwaka wa tisini na nane.

Kifumbu ilikuwa programu ya kuchuja barua pepe, kama kifumbu cha jikoni kinavyochuja tui. Kathini aliibuni, akaiacha wazi hata matumbo yake, kila mtu aichukue bure, aisome na kuirekebisha. Na watu wa Finlandi na Brazili, ambao hawajapata kuona nazi ikikunwa, wakajiunga naye kuitengeneza. Ndipo akainuka Feisal wa Diani, mfalme wa madalali wa hotelini, akatangaza kwamba ataisajili anwani ya kifumbu.org iwe mali yake, na atakayeitaka programu apitie kwake na pochi. Kathini aliposikia aliumia sana, kwani kazi aliyoitoa kwa moyo safi ingeuzwa kwa jina alilolichagua mwenyewe.

Akawaandikia wenzake wa ng'ambo kwamba jina lisajiliwe kwanza. Wenzake wakaketi baraza la vita, wakajadiliana kwa barua ndefu kama jina laweza kumilikiwa, na nani apige kura, na kura yenyewe ipigweje. Naapa, yako majeshi yaliyoangamia kwa mjadala mfupi kuliko ule.

Feisal hakungoja kura. Asubuhi moja Kathini alimkuta katika duka la kompyuta la Ukunda, fomu ya usajili imejaa kwenye skrini, kidole ki juu ya kitufe. Lakini waya wa simu ulioifikisha kompyuta ile mtandaoni ndio uliohudumia pia nyumba ya nyuma, ya Bi Mbodze mwenye duka; na saa ile ile Bi Mbodze akainua mkono wa simu amjulie hali wifi yake mgonjwa. Mtandao ukakatika, na fomu yote ikapotea.

Feisal akamwendea bila hodi wala shikamoo.

"Bi Mbodze, dunia ya leo haingoji salamu. Teremsha simu hiyo, nami nitakuamkia nikishamaliza shughuli zangu."

"Utaniamkia ukishamaliza?" akasema Bi Mbodze. "Basi, mwanangu, nami nitaikata nikishamaliza. Na wifi yangu yuwaumwa mguu tangu Ramadhani. Maelezo yake ni marefu."

Feisal akatoka kwa kishindo, akakimbilia Diani kutafuta simu ya hoteli.

Kathini akavua viatu mlangoni. "Hodi, bibi. Shikamoo. Wifi anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Akaketi. Akausikiliza mguu ule kuanzia kisigino hadi nyonga, na dawa ya kupaka, na daktari asiyecheka, huku moyo ukiwaka moto kwa hofu ya Diani; wala hakuitazama saa hata mara moja. Ushujaa gani uupitao huo?

"Haya, mwanangu," akasema Bi Mbodze akikata simu. "Nenda kafanye kazi yako. Leo simu haiinuliwi tena hapa mpaka useme wewe."

Kathini akarudi kwenye kompyuta, akajaza fomu, akabonyeza. Feisal alikuwa Diani bado, akingoja karani wa hoteli amalize chai. Skrini ikatamka: kifumbu.org imesajiliwa, mwenyewe ni Kathini Makau, kwa niaba ya wote.

Papo hapo ikaingia barua ya baraza la vita. Kura haijapigwa, walisema. Ila mmoja wao ameona jina Kifumbu ni gumu kutamka, na mjadala mpya umefunguliwa wa kulibadilisha.

Kathini akageukia nyumba ya nyuma. "Bibi, simu ni yako. Mpigie wifi tena, hukumuuliza kama amekula."

Bi Mbodze akainua mkono wa simu, na Finlandi na Brazili zikanyamaza kwa pamoja. Liandikeni hilo, enyi waandishi wa tarehe: siku hiyo, Ukunda ilishinda.