Kioo cha Mkurugenzi Hakitameremeta Tena

Idara ya Vibali inautangazia umma, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba kioo cha ofisi ya Mkurugenzi hakitameremeta tena. Mimi, Msemaji wa Idara, nilikuwapo mwanzo hadi mwisho, na wanaosema tuliumbuka wana kijicho tu.

Chanzo kilikuwa nidhamu. Ukuta wa mbele wa ofisi hiyo ni kioo kitupu, na kwa jua la mchana aliye nje haoni ndani, anajiona mwenyewe. Basi wananchi wa kwenye foleni wakaugeuza kuwa kioo cha kujitazamia. Wengine walifunga vilemba, wengine walichokonoa meno, na dereva mmoja alikamua chunusi huku amemkodolea macho Mkurugenzi bila kujua. Mkurugenzi, aliyekuwa upande wa pili na chai yake, aliumia sana.

Akaitwa mkemia.

"Tunapaka utando mwembamba kuliko unywele," mkemia alieleza. "Ni madini yenye vitundu kama sifongo, na ndani yake chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni. Mwanga ukigonga, haurudi."

"Hapo hapo. Wasipojiona, watakosa cha kutazama."

"Ila mheshimiwa, mwanga usiporudi unaingia ndani."

"Uingie. Ofisi hii iko wazi kwa wote."

Maneno hayo niliyatia kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Utando ulipokauka, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mkunga mmoja, mama wa makamo. Wodi yake mpya ya wazazi ilikuwa imefungwa kufuli ikingoja sahihi moja, na wajawazito walikuwa wanajifungulia kwenye mabenchi ya korido. Nilimhurumia kweli, lakini utaratibu ni utaratibu.

"Mkurugenzi yuko safarini, mama."

"Bado tu, mwanangu? Na huyu aliyetia miguu kwenye beseni ni nani?"

Niligeuka. Kioo kilikuwa kama hakipo. Mkurugenzi alikuwa amekunja suruali hadi magotini, miguu kwenye maji ya moto, amelala mdomo wazi.

"Fundi bomba," nilisema.

"Fundi bomba na tai?"

"Idara inajali mafundi wake."

Foleni nzima ikasogea. Mkurugenzi akafumbua jicho, akauona umati, na kwa kuwa alijua hawana cha kutazama, akawatolea ulimi.

Mkunga akambandikia fomu yake kwenye kioo, akamwonyesha kwa kidole mahali pa sahihi. "Ukimaliza kunawa, baba," alisema, "ni hapa tu."

Mkurugenzi akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Akatoka pekupeku, nyayo zikichuruzika maji, akatia sahihi. Wodi ilifunguliwa siku hiyo hiyo, na mimi nikatangaza kuwa safari ya Mkurugenzi ilikuwa ya mafanikio.

Aliamuru utando ubanduliwe haraka. Mkemia hakukataa, ila kubandua mali ya umma kunataka kibali, na kibali hicho hutolewa na Katibu Mkuu wizarani. Mkurugenzi akaenda mwenyewe. Msemaji wa huko, kijana mwenye adabu, akamwambia Katibu Mkuu yuko safarini.

Anaendelea kusubiri. Jana nilimpelekea mwavuli, maana jua la pale halina huruma. Nilimkuta wa tatu kwenye foleni, mbele ya kioo cha Wizara kinachomeremeta vizuri sana, ameinamia taswira yake, akikamua chunusi.